Usizidi Hamsini

Saa ya watu kutoka kazini, kwenye makutano, honi kila upande, sketi ya msusi ikaingia kwenye mnyororo wa pikipiki. Sketi yenyewe ndefu, ya kijani, siku ya kwanza kuvaliwa. Rafiki yake Tosha, mwenye pikipiki, akafunga breki na kuanza kumtukana kila aliyewapigia honi. Kijana mmoja fundi wa gereji, mwenye ovaroli, akapiga magoti kwenye lami.

"Dada, chagua. Sketi au mguu?"

"Vyote!"

"Una tamaa wewe. Tulia basi."

Alilegeza gurudumu, akauzungusha mnyororo taratibu, sketi ikatoka na tundu moja dogo. Msusi akauliza amshukuru vipi.

"Kesho vaa suruali," fundi akasema, akatabasamu. Na msusi, masikini, akaisha palepale.

Wakapendana, wewe! Simu za mchana kutwa. "Umekula, mpenzi?" "Nimekula ila sijashiba, sijasikia sauti yako." Upuuzi mtupu, na mtamu ajabu.

Kilichomponza ni mdomo. Siku moja saluni imejaa, wateja wakamchokoza: yule fundi atakuoa lini? Akaona haya. Badala ya kunyamaza, akajibu huku anasuka, "Mimi niolewe na fundi gereji? Nilale na harufu ya grisi mpaka uzeeni?" Saluni nzima ikaangua kicheko, naye akacheka kuwapita wote, mpaka aliponyanyua macho. Fundi alikuwa amesimama mlangoni. Shati jeupe limepigwa pasi, viatu vinang'aa. Jamani, mtu havai vile kuja kusalimia tu. Akageuka akaenda zake.

Tangu hapo simu yake haikupokelewa. Habari akaletewa na Tosha: fundi amepata kazi ya kutengeneza malori migodini, ng'ambo ya mpaka, miaka miwili. Msafara unaondokea mji wa mpakani. Kabla ya kwenda huko alimaliza kuifunga upya injini ya pikipiki ya Tosha, kwa kuwa alishaahidi, akampa onyo moja.

"Siku za mwanzo usizidi hamsini. Pistoni na silinda bado hazijazoeana. Ukiikimbiza, inaganda."

Tosha alijaribu kumpa msusi simu yake aongee naye. Fundi aliposikia ile sauti akakata, kisha akampigia Tosha tena. "Dada Tosha, mimi na wewe tuongee habari za injini tu. Nyingine sitaki."

Mabasi yalikuwa kwenye mgomo. Ndiyo maana asubuhi moja wanawake wawili walifunga begi moja nyuma ya pikipiki wakashika njia ya mpakani. Msusi alivaa suruali ya mdogo wake na koti la Tosha lililomfika magotini. Siku ya kwanza alishinda anailalamikia ile hamsini. Malori yanawapita, magari madogo yanawapita, mpaka mzee mmoja mwenye trekta alikaribia kuwapita.

"Tosha, ongeza kidogo."

"Siongezi."

"Sabini tu, shoga yangu."

"Injini ikifa utanibeba mgongoni? Hii ndiyo inalisha wanangu."

Walilala nyumba ya wageni, kitanda kimoja. Msusi aliukumbatia mto akalia mpaka Tosha akaacha kujifanya amelala, akamfuta machozi kwa shuka.

Siku ya pili hivyohivyo: vumbi, mgongo unawaka moto, hamsini. Walipotia mafuta, msusi akampigia fundi mwingine wa gereji ya mpenzi wake, aliyekuwa anamsikitikia. Yule akamwambia msafara umewahishwa siku moja. Hauondoki kesho tena, unaondoka leo alasiri.

Akamwangalia Tosha aliyekuwa amekunja uso kwa uchovu. "Nipe niendeshe, upumzike." Tosha ndiye aliyekuwa amemfundisha kuendesha, akampa, na kwa uchovu wake akasinzia amemkumbatia kiunoni.

Msusi akavuta mafuta. Sitini. Sabini. Upepo ukamtoa machozi. Tisini. Nisubiri, alikuwa anasema kwa sauti peke yake, nisubiri, nisubiri. Ghafla injini ikatoa mlio wa chuma, gurudumu la nyuma likajifunga, pikipiki ikaserereka hadi kwenye majani ya kando ya barabara. Hawakuumia. Lakini injini ikanyamaza kabisa.

Tosha alipiga stata ya mguu mara moja, haikusogea. Hakumtukana rafiki yake. Alikaa chini akajishika kichwa, na hilo lilimuumiza msusi kuliko matusi yote. Kisha Tosha akatoa simu, akaweka sauti ya nje.

"Fundi. Injini imeganda."

Nyuma ya fundi malori yalikuwa yananguruma. "Ulizidi hamsini?"

"Si mimi niliyekuwa naendesha."

"Mpe simu."

Msusi akaipokea kwa mikono miwili. "Ni mimi. Nilikuwa nakukimbilia."

"Mmeumia?"

"Hapana. Nimeiua injini ya mtu, nimeua kila kitu. Siku ile nilisema upuuzi kwa sababu ya haya, wallahi, kwa sababu ya macho ya watu. Ungeniuliza mbele yao palepale, ningekubali huku nalia."

Honi ndefu ikapigwa upande wa pili. Mtu akaita, "Fundi, tunaondoka!"

"Mko wapi?" fundi akauliza. "Injini hiyo nimeifunga mimi, siwezi kuiacha barabarani."

Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi ya msusi, na ilitosha kusema kilomita ngapi. Akatikisa kichwa.

"Kama unakuja kwa ajili ya injini, usije. Panda gari lako uende. Tosha nitamtafutia fundi mwingine, hata kwa kusuka usiku na mchana. Mimi mwingine sina."

Malori yakanguruma zaidi, kisha mngurumo ukaanza kufifia, ukaenda mbali. Msusi akafumba macho. Amekwenda, basi. Tosha akamshika bega.

"Bado uko hewani?" sauti ya fundi ikauliza. Alikuwa anahema.

"Nipo."

"Niambie mko wapi. Nimeruka kutoka kwenye lori, na msafara umeondoka na sanduku langu la spana. Hiyo injini tafuteni fundi mwingine kweli, mimi nakuja mikono mitupu."