Pengo Alilolijaza Jonalyn

Asubuhi Jonalyn alichovya mkate wake wa pandesal kwenye kahawa, akala huku akimchunguza dada yake. Merlinda alikuwa mezani tayari, hedifoni masikioni, vidole vikikimbia juu ya kompyuta ya kuazima. Chini ya meza mguu wake ulikuwa kwenye kanyagio: akikanyaga, sauti inaongea, akiachia, inanyamaza. Alikuwa akijizoeza kuandika maelezo ambayo madaktari huyarekodi wakimaliza kumwona mgonjwa.

Kazi hiyo ilikuwa imetangazwa hapo hapo mjini kwao Dumaguete, Ufilipino. Merlinda, aliyeacha chuo cha uuguzi baba yao alipofariki, aliitaka sana. Akiikosa, angekwenda Kuwait kufanya kazi za ndani. Shangazi yao alishamtafutia nyumba ya kufanyia kazi huko. Jonalyn alikuwa na miaka kumi na miwili na hakutaka hata kulisikia jina la Kuwait.

Lakini ofisi iliyotangaza kazi nayo hakuiamini. Ilikuwa juu ya duka la samaki wakavu, haina kibao, na mapazia yalifungwa mchana kutwa. Siku waliyokwenda kuulizia, mlinzi alizichukua simu zao mlangoni. Binti wa jirani alikuwa ametapeliwa na ofisi ya ajira iliyotoweka pamoja na viti vyake.

"Watu wema hawafungi mapazia mchana," Jonalyn alimwambia mama yake.

"Punguza upelelezi," mama akajibu, ingawa yeye mwenyewe alikuwa amemuuliza muuza samaki mara mbili kama anawafahamu watu wa juu.

Msimamizi wa ofisi, Bi Teves, alimpa Merlinda rekodi ya majaribio akaiandike nyumbani na kuirudisha Jumatatu. Merlinda alishinda nayo Jumapili nzima. Alipokwenda kuoga, Jonalyn alichungulia. Kazi ilikuwa safi, ila mahali pamoja, penye kipimo cha dawa, dada yake hakuandika kitu. Mbona anawapa sababu ya kumkataa? Au Kuwait anaitaka mwenyewe, ila anaogopa kusema?

Alivaa hedifoni. Pale penye pengo alisikia mngurumo wa pikipiki tu. Basi akaandika miligramu hamsini, namba iliyoonekana ya maana, akaihifadhi na kurudi jikoni. Roho ikamtulia.

Jumatatu alimsindikiza dada yake akiwa bado na sare ya shule. Bi Teves alisoma kwenye kompyuta, kisha akasimamisha kidole penye kipimo cha dawa.

"Hamsini umeisikia wapi?"

Merlinda aliinamia kompyuta, akabadilika uso. "Mimi hapo niliacha wazi, Bibi."

"Wote husema hivyo nikishawakamata. Hapo pikipiki ilifunika sauti ya daktari, hakuna sikio linaloweza kupenya. Aliyeandika namba ameitunga, na mgonjwa angeimeza." Akafunga kompyuta.

Jonalyn aliona Kuwait ikiwajia pale pale mezani. Akasimama.

"Ni mimi niliyejaza. Dada hajui."

Bi Teves alimtazama kuanzia viatu hadi nywele. "Nani kakutuma useme hivyo?"

"Hakuna. Nilidhani anataka kukataliwa ili aende Kuwait."

"Mimi?" Merlinda akamgeukia, machozi yakimlenga. "Mimi ninayelia kila nikisikia sauti ya shangazi kwenye simu?"

Bi Teves alimtoa Jonalyn nje, akampa Merlinda rekodi nyingine aiandike hapo hapo mbele yake. Jonalyn alikaa ngazini katika harufu ya samaki, akiiombea heri ofisi aliyokuwa akiisengenya. Aliona aibu.

Alipoitwa ndani, Bi Teves alikuwa amelegeza uso kidogo.

"Ameacha mapengo mawili, yote mahali pake. Wiki ijayo aanze kazi. Ila sikia, Merlinda. Mgonjwa wa jana alikuwa wa kubuni. Ukiacha siri za mgonjwa wa kweli mahali ambapo mdogo wako anaweza kuzisoma, siku hiyo hiyo unaondoka. Mapazia haya na simu kuachwa mlangoni ni kwa ajili hiyo."

Merlinda aliitikia. Jonalyn naye hakuweza kujizuia. "Sasa pale penye pikipiki daktari alisema ngapi?"

"Sijui," alisema Bi Teves. "Hata mimi sijui, na sioni haya kusema. Ukiacha pengo, daktari ataulizwa, atajibu, mgonjwa atapona. Ukilijaza kwa kubahatisha, hakuna atakayejua kwamba kuna jambo la kuuliza. Na dada yako pia ungeweza kumuuliza, badala ya kujijazia mwenyewe yaliyomo moyoni mwake."

Jonalyn aliinamisha kichwa. Walipofika nyumbani, Merlinda alimpigia shangazi simu, akamwomba ile nyumba ya Kuwait ampe mtu mwingine.