Maji ya Mvua ya Bi Noreen

Kila asubuhi ya likizo ile, Tamsin Lehmann aliamshwa na kelele za nyundo. Hakuhitaji kuchungulia dirishani. Alijua babu yake, Mzee Merv, yuko uani na Doris wake. Doris hakuwa mtu. Alikuwa gari la zamani lenye vitanda, jiko na choo ndani, ambalo mzee alilinunua alipostaafu kazi ya reli pale Peterborough.

Doris alikuwa amezoeshwa raha. Wenyewe wa zamani walimpeleka kwenye kambi za kulipia tu, ambako gari huchomekwa umeme na kuunganishwa na bomba. Mzee Merv hakutaka habari hizo. Alitaka kwenda kaskazini, nyikani, akae wiki nzima mahali pasipo na waya wala mfereji. Basi akafunga paneli za sola juu ya paa, akaweka betri mpya chini ya kiti, akatia jokofu la gesi, na mbele kwa dereva akafunga simu ya upepo, ile ambayo ukiongea wasafiri wote walio karibu wanakusikia. Ikabaki kazi moja, nayo ilikuwa tangi la maji ya kunywa.

"Tamsin! Tangi hili halijaoshwa miaka na miaka," babu alisema. "Lijaze maji, tia dawa ya klorini, acha vilale humo. Asubuhi mwaga, fungua kifuniko, sugua kwa brashi ndefu, suuza mpaka harufu iishe. Umenisikia?"

"Kwa nini mimi? Jory hafanyi chochote!"

"Mdogo wako ana miaka sita."

"Wenzangu wote wako bwawani wanaogelea, mimi niko hapa naosha tangi la gari bovu!"

"Bovu, na utalala humohumo. Haya, kazi!"

Tamsin alijaza maji, akatia dawa. Asubuhi yake alifungua koki, akayaacha maji yatoke mara moja, akaitupa brashi nyuma ya banda bila hata kugusa kifuniko. Kisha akachukua taulo na kukimbilia bwawani, bado amenuna.

"Umesugua?" babu alimuuliza mchana.

"Nimesugua."

"Na kusuuza?"

"Babu, si nimesema nimemaliza!"

Mzee akaamini. Hakuwahi kupata sababu ya kutomwamini.

Wakaondoka watatu, babu na wajukuu zake. Mzee Merv alikuwa na desturi ya kusafiri tangi likiwa tupu ili kuokoa dizeli, kwa hiyo njiani walikunywa maji ya madumu. Tangi lilijazwa kituo cha mwisho kabla ya nyika, katika shamba la kondoo la Wirrilla, kwa mama mmoja aitwaye Noreen Quilty. Ukame ulikuwa umemmalizia kondoo. Sasa aliishi kwa wasafiri waliolala uwanjani kwake na kununua mikate na nyama yake, na waliomjia walimjia zaidi kwa sababu ya maji yake ya mvua. Upande ule mtu yuko radhi akupe mguu wa kondoo kuliko akupe maji ya mvua.

"Jazeni," Bi Noreen alisema akimkabidhi Tamsin mpira wa maji. "Ila ni ya kunywa hayo, mwanangu. Nikisikia mmeyaogea nitakuja na fimbo."

Walikwenda kupiga kambi kando ya mto mkavu, si mbali sana na shamba lile. Jioni babu na Tamsin walikunywa chai nzito. Jory, aliyeshinda akikimbiza mijusi, alikunywa maji baridi ya tangi, kikombe juu ya kikombe.

Asubuhi Jory alikuwa anatapika. Aliinama mlangoni akishika tumbo, uso mweupe, machozi yanamtoka. Babu alimpa maji ya dumu yenye chumvi na sukari kidogo, akamlaza. Kisha akakinga maji ya bomba la Doris kwenye bilauri, akayanusa. Mishipa ikamsimama shingoni.

"Yananuka dimbwi! Yule mama ametupa uchafu!"

"Babu, subiri..." Tamsin alianza.

"Nisubiri nini? Mtoto afe?" Alikwishafika mbele na kushika simu ya upepo. "Wasafiri wote mnaonisikia! Hapa ni Merv, wa Doris. Msijaze maji Wirrilla! Narudia, msijaze maji Wirrilla! Yametuumizia mtoto!"

Ikajibu sauti ya mwanamume. "Tumekupata, Merv. Tulitaka kulala kwake leo. Basi tunapitiliza."

"Na sisi vilevile," akadakia mwanamke. "Asante kwa kutuonya."

Kisha ikaja sauti ambayo Tamsin hakutaka kuisikia. "Merv, ni Noreen hapa. Maji hayohayo nimechemshia chai yangu leo. Ungeniuliza kwanza kabla ya kunianika mbele za watu."

"Kamwambie huyu anayetapika!" babu alifoka, akaizima.

Tamsin alitoka, akazunguka nyuma ya gari, akafungua kifuniko cha tangi. Ukoga wa kijani ulikuwa umening'inia kutani, na vipande vilivyobanduliwa na mashimo ya barabara vilikuwa vikielea. Alikirudisha kifuniko haraka. Hakuna aliyemwona. Angenyamaza, jambo lingeishia kwa Bi Noreen, nao wangejaza maji kwingine.

Hasira ikampanda. Alimkasirikia babu kwa kumpa kazi ile. Akamkasirikia Jory kwa kunywa maji mengi kama ng'ombe. Akamkasirikia hata Bi Noreen, kwa kumwita 'mwanangu'. Hasira ilipokosa mwingine wa kumwangukia, ikamrudia mwenyewe, na hapo ndipo iliuma kwelikweli.

"Babu, si maji ya Bi Noreen."

"Unasema?"

"Sikusugua tangi. Niliyamwaga maji mara moja nikaenda kuogelea. Njoo utazame."

Mzee alitazama. Uso ukamwiva. Alipiga ndoo teke ikabiringika hadi mtoni.

"Umenidanganya machoni! Mdogo wako amelala pale kama kitambaa, nami nimemtukana mtu asiye na kosa! Mchuma janga hula na wa kwao, na leo umetulisha sote!" Alihema, akajifuta jasho. Aliposema tena aliishusha sauti. "Jory akipata nguvu tutapita kwake tumwombe radhi. Kimya kimya, sisi na yeye."

"Lakini Babu, ulimsema mbele za watu wote."

"Usinifundishe adabu leo, wewe!"

"Wote walikusikia. Wanampita sasa hivi."

Mzee alimkazia macho, akitafuna mdomo. Mwishowe akaenda mbele, akawasha simu ya upepo na kumpa. "Anza wewe. Ukimaliza nipe mimi."

Tamsin alisema jina lake, akasema yote. Babu akafuata. "Nami nilibwata kabla ya kuchungulia tangi langu mwenyewe. Noreen, nisamehe."

Mchana walirudi Wirrilla, wakamkuta Bi Noreen langoni, mikono kiunoni.

"Mtoto hajambo?"

"Ametulia," babu alisema. "Maji yanakaa tumboni sasa."

"Afadhali. Maana yeye tu ndiye ninayetaka kumwona kati yenu." Alimgeukia Tamsin. "Brashi ile pale. Maji ya kisima yale pale, ya chumvi lakini yanasafisha. Sugua."

Tamsin alisugua mpaka mabega yakawaka moto. Alimwaga, akatia dawa, akamwaga, akasuuza, na kila mara Bi Noreen alinusa na kusema, "Bado." Wakiwa katika kazi hiyo, vumbi likatokea barabarani. Gari la wasafiri lilikuwa linakuja. Bi Noreen alitoka langoni akapunga mkono. Gari halikupunguza hata mwendo.

"Umeliona?" alisema akirudi. "Wale walisikia onyo la kwanza. Maneno yenu ya pili hawakuyasikia, pengine walikuwa wamezima simu. Ulisema neno moja tu, 'nimesugua', na limefika huko. Sikiliza, mtoto. Kazi ukiifanya nusu, sema ni nusu. Yuko mtu ataimalizia. Ukisema imekwisha, hakuna atakayeitazama tena, na hapo ndipo watu huumia. Nawe, Merv, hasira si ushahidi. Mzee mzima ungetazama kwanza."

"Kweli," babu alisema akitazama chini.

"Umetusamehe?" Tamsin aliuliza.

"Bado nimekasirika. Lakini kiu haingoji hasira iishe." Alinusa tangi kwa mara ya mwisho, akanyoosha mkono kuuchukua mpira wa maji ya mvua. "Haya, lisogeze hilo gari."

Tangi lilipojaa, Tamsin alimwomba babu wasiondoke siku ile. Aliketi kiti cha mbele, na kila vumbi lilipotokea alishika simu ya upepo akaanza upya. "Naitwa Tamsin Lehmann. Maji ya Wirrilla ni safi. Tangi letu ndilo lililokuwa chafu, na mimi ndiye niliyedanganya."

Gari moja lilipita. La pili nalo likapita. La tatu likapunguza mwendo, likakata kona kuingia langoni, na Bi Noreen akaenda kulipokea.