Jezi ya Lusubilo

Watu huenda mnadani kununua. Asajile alikuwa akienda kutafuta, na miaka kumi na tatu ya kutafuta kitu kimoja ilikuwa imemfanya awe mtu wa kuchekwa.

Kila Alhamisi alipanda basi la asubuhi kutoka Mbozi hadi Chapwa, pembeni ya mji wa Tunduma, akazunguka kwenye marundo ya mitumba hadi miguu ikauma. Wenzake waligombea makoti na suruali za jinzi. Yeye alitaka jezi za mpira za zamani, zile za pamba nzito zenye kola. Aliinua moja, akageuza kola, akachungulia kwa ndani, akanusa kwapani, akairudisha. Wauzaji walimwita Mzee wa Jezi, ingawa alikuwa na miaka thelathini na minane tu, na wengine walisema mtu anayenusa makwapa ya watu asiowajua hawezi kuwa mzima.

Nyumbani kwao Igamba alikuwa na chumba kizima cha vitu hivyo. Jezi za timu zilizokwisha kufa zilitundikwa kwenye waya, na chini yake kulikuwa na soksi za magolikipa, kanga zilizopauka maandishi na kikombe cha bati kilichopinda mkono. Matajiri wawili wa Mbeya walishakuja kumbembeleza awauzie. Alikataa. Hakuwa amevitafuta hivyo. Alivinunua kwa sababu mtu akishazoea kutafuta, kurudi mikono mitupu kunamshinda.

Alichokitafuta kilikuwa jezi ya njano yenye kola ya kijani, ya timu ya Buni Rangers, namba saba mgongoni. Ndani ya kola mama yake alikuwa ameshona jina LUSU kwa uzi mwekundu, maana vijana wa timu ile walikuwa wakiibiana siku ya kufua. Lusubilo, mdogo wake, alikwenda kuchimba dhahabu Saza mwaka tisini na moja, akaivaa jezi hiyo na kuchukua nguo zake zote. Mwezi wa tatu shimo likaporomoka. Wawili walitolewa. Waliobaki walifukiwa mle mle, na habari ikaletwa Igamba kwamba Lusubilo alikuwa miongoni mwao.

Katika ukoo wao, mtu ambaye mwili wake haukuonekana huzikwa kwa nguo yake. Mgomba hukatwa kwa kimo chake, huvalishwa nguo iliyonywa jasho lake, hulazwa kaburini na kufukiwa jua linapozama. Bila nguo hakuna maziko. Na bila maziko, walisema, marehemu hubaki nje akipigwa na baridi.

Mama yao, Teresia, aliliamini hilo kuliko alivyoamini dawa za hospitali. Tangu mvua za mwaka ule, elfu mbili na nne, alikuwa kitandani, hanywi hata uji, amebaki mifupa na macho. Kila alfajiri aliuliza swali lile lile.

"Asajile. Umempata?"

"Bado, mama."

"Mimi sitatangulia. Mama hawezi kulala ndani na mwanawe yuko nje."

Alikuwa akiteseka, na mateso yake yalikuwa yakimla Asajile mzimamzima. Kupona haponi, kufa hafi. Asubuhi nyingine alisimama mlangoni akiomba Mungu aichukue roho ile, kisha akatoka nje na kulia kwa aibu. Alifika mahali ambapo angefanya lolote. Mtu aliyefika hapo ni wa kuogopwa, hata kama ni mpole.

Alhamisi moja ya mwezi wa sita upepo wa baridi ulikuwa ukirusha vumbi, na jua lilishaanza kuelekea upande wa Zambia. Watu walikuwa wakifunga mizigo. Dalali Kefa alisimama juu ya meza yake, sauti imeshamkauka, akipasua robota la mwisho, lililovushwa mpaka kutoka Nakonde, upande wa Zambia, mchana ule.

Akavuta blanketi. Akavuta sketi mbili.

Akavuta kitu cha njano.

Asajile hakukumbuka alivyofika mbele. Alijikuta ameshika kola, ameigeuza. Uzi mwekundu. LUSU.

"Mzee wa Jezi ameipata," Kefa akasema akicheka. "Nani anampa ushindani?"

Mwanamke mmoja akainua mkono. Alikuwa mrefu, amejifunga chitenge cha bluu, ana mtoto mgongoni. Asajile akapandisha bei. Mwanamke naye akapandisha. Wakaenda hivyo mpaka watu waliokuwa wanaondoka wakarudi kutazama, maana lilikuwa shati kuukuu lenye kiraka ubavuni. Mwishowe mwanamke akashusha mkono. Hakuwa na cha kuongeza.

Kefa akahesabu mara tatu, kisha akaitupa jezi begani kwa Asajile. Sheria ya mnada ule kila mtu aliijua: ya begani hairudi, wala haiulizwi ilikotoka.

Ilikuwa na joto.

Si joto la jua. Jua lilikuwa limekwisha nguvu. Lilikuwa joto la nguo iliyovuliwa sasa hivi, na ilinukia sabuni ya mche, na chini ya sabuni... jasho. Jasho bichi. Na kile kiraka cha ubavuni kilikuwa kimeshonwa kwa uzi wa kijani ambao bado ulikuwa unang'aa.

Mwanamke alimfuata hadi kwenye njia ya basi. Alisema kwa sauti ya chini, Kiswahili chake kikichanganyika na Kibemba.

"Awe, mukwai. Hapana, bwana. Niachieni hiyo. Mwenyewe yupo."

"Mwenyewe alishakufa, dada."

Mwanamke akarudi nyuma hatua moja.

"Nani amewaambia amekufa?"

Asajile akageuka, akatembea haraka, kisha akakimbia.

Ndani ya basi lile wazo lilikuja kukaa naye kwenye kiti. Jezi iliyofukiwa Saza imefikaje Nakonde? Akalifukuza. Mnadani kila mtu ana hadithi ya kumkatisha mwenzake tamaa ili apate nguo kwa bei ya kutupa. Na mtu aliye hai hawezi kunyamaza miaka kumi na tatu bila kumpelekea mama yake hata salamu. Hivyo ndivyo alivyojiambia hadi Igamba, na ukweli ni kwamba hakutaka kujua. Alitaka mama yake apumzike.

Teresia aliishika jezi kwa mikono miwili, akaizika pua humo, akalia bila sauti.

"Ni yeye," akasema. Kisha akaipapasa. "Ina joto."

"Nimeibeba kifuani, mama."

"Na huu uzi wa kijani? Huu si wangu."

"Labda alishonewa huko Saza."

Akakubali. Mwenye kiu haulizi maji yamechotwa wapi.

Siku ya pili yake kaburi lilichimbwa ukingoni mwa shamba la kahawa. Mgomba ukakatwa, ukavalishwa. Teresia alitolewa nje kwa mara ya kwanza baada ya miezi, akakalishwa kitini na blanketi mabegani. Baba mdogo Boazi, mkubwa wa ukoo, ndiye aliyesimamia. Kabla ya kushusha alimwita Asajile mbele, maana kwao nguo ya kuzikiwa huulizwa mara tatu, na aliyeileta hujibu mara tatu.

"Unajua kwa nini tunauliza," Boazi akasema. "Nguo ya aliyekufa tunaizika. Nguo ya aliye hai haizikwi. Anayeizika hiyo ni mchawi, hata kama hajui kuroga. Haya. Nguo hii imetoka wapi?"

Asajile alimtazama mama yake. Uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtu anayesubiri kupakuliwa chakula. Akisema Nakonde, Boazi angesimamisha kila kitu, watume watu wakaulize, wiki ipite, mwezi upite. Mama hakuwa na mwezi.

"Imetoka Saza."

"Imetoka wapi?"

"Saza, baba mdogo."

"Imetoka wapi?"

"Saza."

Wakanyanyua. Mgomba ambao mtu mmoja alikuwa ameubeba begani kutoka bustanini sasa uliwashinda wawili. Wakaja wanne. Asajile aliwaona wakitazamana. Walipoulaza chini, alikuwa amesimama karibu na upande wa kichwani, na aliona makwapa ya jezi yameloa.

Utomvu wa mgomba, alijiambia. Utomvu tu.

Jua lilikuwa limebaki ukucha. Wakaanza kufukia. Koleo la kwanza miguuni. La pili miguuni. La tatu likaangukia kifuani.

Kho.

Makoleo yakasimama.

Kho... kho.

Kikohozi kilikuwa kikavu, cha mtu aliyepaliwa na vumbi. Kilitoka chini.

"Nani anakohoa?" Boazi akauliza.

Wakageuziana nyuso. Hakuna aliyekohoa. Kijana mmoja alilitupa koleo lake akaondoka bila kuaga, akipita katikati ya mibuni. Boazi alimsogelea Asajile hadi pumzi zao zikakutana, akanong'ona, na sauti yake ilikuwa ya kuomba.

"Mwanangu. Hii si desturi, lakini nakuuliza mara ya nne. Nguo hii imetoka wapi?"

Hapo ndipo angeweza kusema. Neno moja lingetosha. Alikuwa nalo mdomoni, alilisikia likigonga meno.

"Asajile," mama yake akaita kutoka kitini. "Mbona mmesimama? Mmalizieni mwenzenu, baridi inampiga."

Asajile akalimeza neno lile.

"Imetoka Saza, baba mdogo."

Boazi akafumba macho. "Basi fukieni."

Wakafukia haraka, bila kuimba. Kikohozi kilisikika mara tatu nyingine, kila mara kwa mbali zaidi. Asajile mwenyewe ndiye aliyepiga koleo la mwisho, akaushindilia udongo kwa miguu yake, akilia kwa sauti. Waombolezaji walidhani anamlilia mdogo wake.

Jioni ile Teresia alikunywa bakuli zima la uji. Asubuhi akaomba ndizi za kuchoma. Akakaa kitandani bila kushikwa, akaanza kusimulia utoto wa Lusubilo, alivyokuwa akipiga mpira wa matambara hadi vidole vinatoka damu. Fundi wa miujiza asingefanya zaidi. Asajile alimsikiliza, akafurahi, na furaha hiyo ilimkaa tumboni kama chakula kilichochacha.

Saa nne ya siku hiyo alikuwa amekaa kizingitini alipomwona mwanamke akipanda njia ya shamba. Chitenge cha bluu. Mtoto mgongoni. Vumbi lilimfika magotini, na kichwani alikuwa amejifunga kitambaa cha msiba.

Alisimama mbele yake. Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka tu.

"Odi, mukwai. Yule dalali ndiye amenielekeza kwa Mzee wa Jezi wa Igamba. Jina lenu hakunitajia." Akamweka sawa mtoto mgongoni. "Hapa Asajile ni nani?"

"Ni mimi."

Mwanamke akaitikia kwa kichwa, polepole, mara kadhaa, kama mtu aliyeambiwa jambo alilokuwa akiomba lisiwe la kweli.

"Mimi ni Bana Teresia. Mama wa huyu." Akageuka kumwonyesha mtoto aliyelala mgongoni. "Baba yake alimpa jina la mama yake mzazi. Jezi ile iliibwa kwenye kamba nilipoianika. Akaniambia, nenda minadani, itafute, hiyo ndiyo mama yangu. Kurudi kwenu aliogopa. Shimo lilipoporomoka yeye alikuwa nje, na wale waliokufa humo, yeye ndiye aliyewaita wakachimbe. Alisema hawezi kuwatazama wazazi wao machoni. Lakini Krismasi hii tungekuja, alishaahidi."

"Yuko wapi?" Asajile akauliza. Alijua.

"Jana jioni alikuwa anakula. Mzima, anacheka na mtoto. Jua linazama, akaanza kukohoa. Ukatoka udongo." Akafungua kiganja chake, akakitazama, kana kwamba ulikuwa bado umo. "Udongo mwekundu, mukwai. Kwetu pale ni mchanga. Nikauchomoa kwa vidole, unajaa tena. Akasema mara moja tu, kwa Kiswahili: Asajile, acha, ni mimi. Nikamwuliza, Asajile ni nani? Hakusema tena."

Jogoo alipita kati yao akiparua.

"Sikuja kugombana," mwanamke akasema. "Amelala nyumbani, ndugu wanangoja. Nipeni ile jezi nikamzike nayo. Hakuwa na nguo nyingine aliyoipenda."

Macho yake yakampita Asajile, yakaenda hadi ukingoni mwa shamba la kahawa, yakaukuta udongo mpya. Mwekundu. Katikati, kwenye kimo cha kifua, ulikuwa umebonyea.

Ndani ya nyumba kitanda kililia, miguu ya mtu aliyepata nguvu ikagusa sakafu.

"Asajile, unaongea na nani hapo?" Teresia aliita. "Mkaribishe ndani, anywe uji."

Mwanamke akafungua mdomo. Asajile akainua mikono yote miwili mbele yake, akimwomba, machozi yanamtiririka hadi kidevuni, na akajibu kwa sauti ambayo hata yeye hakuitambua.

"Ni mteja tu, mama. Anaulizia jezi."

Mama yake akacheka. Hakuwa amecheka tangu mwaka tisini na moja.

"Mwambie hatuuzi."