Kigari cha Viti Viwili

Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya kwenda kufua, Ndeshi alikunywa chai ndani ya gari lake. Aliegesha kwenye uwanja wa supamaketi kubwa ya pale Euless, kamji kando ya Dallas, Texas, akafungua chupa ya chai ya tangawizi, akatandika kitambaa mapajani, akala maandazi aliyoyakaanga Ijumaa huku ndege zikipita kwa zamu juu ya paa la duka. Wiki nzima alikuwa akitoa watu damu hospitalini na kuwaambia, "Utaumia kidogo tu," hadi maneno yakamwisha. Jumamosi hakutaka kusemeshwa na mtu. Na ndani ya kigari kile kidogo kutoka Ulaya, cha rangi ya ndimu iliyoiva, chenye viti viwili tu, haikuwa rahisi kusemeshwa.

Asubuhi hiyo pikapu mbili zilikuwa zimesimama kushoto na kulia kwake kama kuta. Andazi lilikuwa njiani kuelekea mdomoni pale mkono wa mwanamume ulipopita mbele ya kioo, ukivuta futi ya fundi, ile ya chuma. Futi ikalazwa juu ya boneti. Mwenye mkono akainama, akahesabu kwa midomo, akainua kichwa, akakutana uso kwa uso na Ndeshi.

Futi ikamponyoka na kujikunja kwa kishindo. Akaanza kuomba radhi kwa Kiingereza kirefu. Alidhani hamna mtu ndani, hakukusudia kumtisha. Simu ya Ndeshi nayo ikalia papo hapo. Kwa kidole chenye mafuta ya andazi akabonyeza spika badala ya kukata.

"Ndeshi, nani huyo anayekupigia kelele?" Alikuwa mama mdogo Clara, wa Fort Worth. "Mwanangu, kama ni mwizi mpe gari ukimbie."

Mwanamume akacheka. Akainamia dirisha lililokuwa wazi, akasema kwa Kiswahili kilichonyooka, "Shikamoo, mama. Mimi si mwizi. Na ningekuwa mwizi, hili ningelibeba kwapani."

"Marahaba, baba. Wewe mtu wa wapi?"

"Mrundi, mama. Ila nimekulia Kigoma, kambini. Naitwa Balthazar."

"Basi mwambie mwanangu ameze hilo andazi, maana nasikia amenyamaza."

Ndeshi akameza. Aliona shati la samawati lililopigwa pasi kwa uangalifu wa mtu anayeishi peke yake, na buti mpya za Kitexas ambazo bado zilikuwa zinamtesa mwenyewe. Aliona pia kwamba anapocheka, macho yake yanachelewa kuacha kucheka.

Balthazar akaeleza. Alikuwa muuzaji katika yadi ya magari huko Stafford, ubavuni mwa Houston. Bosi wake alikuwa ametembea Italia na Ufaransa na kurudi na wazo la kuwauzia Wamarekani vigari vya mjini, vifupi, visivyokunywa mafuta. Alitaka kufungua tawi Dallas kwa ajili ya vigari hivyo. Balthazar alitumwa kuuliza watu, kupima maegesho na kumwambia kama biashara itasimama.

"Na ikisimama?" Ndeshi akauliza, akajishangaa kwamba ameuliza.

"Tawi ni langu. Nitahamia huku." Akaitazama ile boneti fupi. "Tatizo, dada, sina kigari cha kuwaonyesha watu. Jiji zima nimekiona hiki chako tu."

Ndeshi alikusudia kukataa. Alichosema ni, "Sawa."

Ndivyo Jumamosi zake zilivyochukuliwa. Balthazar alipanda basi la alfajiri kutoka Houston. Ndeshi alimchukua kituoni, na wakaenda kuegesha mahali penye watu: nje ya maktaba, sokoni, kwenye viwanja vya mpira. Ndeshi alikaa pembeni na mwavuli wake, gauni lake la kitenge likipepea, akisikiliza Wamarekani wakijibu. Waliipenda ile rangi. Walipiga nayo picha. Mzee mmoja mwenye kofia pana alizunguka gari mara kadhaa, akauliza mama wa kitoto hiki cha gari wamemwacha wapi. Kijana mmoja mrefu aliingia, magoti yakamgusa kidevu, ikabidi wamvute kwa mikono. Mama mmoja alikaa kwenye usukani akatabasamu kama msichana, kisha akageuka kutazama nyuma, pasipo na kitu, akauliza: watoto wangu nitawaweka wapi?

"Kisado kinapendwa," Balthazar alisema siku hiyo. Alikuwa amekibatiza jina hilo, kwa kufanana na kile kindoo cha kupimia viazi sokoni.

"Usikiite hivyo."

"Kisado ni heshima, mama. Kinajaa haraka."

Siku za kazi walizungumza kwa simu. Baadaye Ndeshi naye akaanza kwenda Houston, akiimeza barabara ndefu ile peke yake, simu ikiwa kwenye spika.

"Uko wapi sasa, mpenzi?" Neno hilo lilikuwa limeingia katikati yao bila hodi, na hakuna aliyelitoa.

"Nyuma ya lori."

"Lori lipi?"

"Yote."

"Punguza mwendo."

"Nikipunguza, wataniendesha wao."

Upande wa pili alisikia pumzi tu. Balthazar alikuwa hivyo: akiogopa, ananyamaza. Ndeshi alikuwa hivyo hivyo akifurahi. Wawili wa namna hiyo wanaweza kupendana mwaka mzima na jirani asijue.

Siku moja, nje ya kituo cha mafuta, Balthazar alimuuliza kwa nini alinunua gari la viti viwili.

"Ukiwa na gari kubwa, kila baada ya misa wanakuuliza, dada Ndeshi unapita wapi, unaweza kuwashusha hawa?" Akakunja mwavuli. "Siwezi maongezi ya barabarani na watu wanne. Hata kile kiti cha pili chenyewe nilikiogopa."

"Na sasa?"

Akatazama kando. Ndani yake jibu lilikuwa limejaa hadi shingoni. Lililotoka ni, "Sasa umekizoea."

Balthazar akampeleka kwa shangazi yake Godelieve, huko Vickery Meadow, mtaa wa Dallas ambako maghorofa yamebanana na harufu ya maharage na vitunguu inapita kutoka mlango hadi mlango. Godelieve alivaa kitenge cha kijani na sweta la kiume juu yake. Alimshika Ndeshi mikono yote miwili na hakumwachia hadi alipomkalisha. Baada ya chakula, wanawake wa kwaya walikuwa wanaelekea mazoezini, na kwa desturi mgeni mwenye gari huwabeba. Walitoka na masufuria yao, wakasimama mbele ya kile kigari. Ndeshi alitamani lami ipasuke.

"Yoo," Godelieve akasema, akikigonga paa kama mlango. "Hili si gari la kwaya. Ni gari la watu wawili waliokwisha kuchaguana." Wanawake wakacheka, wakashika njia ya kituo cha treni. Balthazar alikuwa anakagua tairi lisilo na shida yoyote.

Tangu siku hiyo Ndeshi alianza kuliota tawi. Aliwaza atakavyopita pale jioni akitoka kazini. Aliwaza misa moja, supamaketi moja. Hakuomba zaidi ya hapo: wawe mji mmoja. Lakini hakumwambia Balthazar, kwa kuwa alikuwa hajawahi kumwomba mtu abadili maisha yake, na hakujua maombi ya namna hiyo huanzaje.

Jumatano moja simu ililia akiwa amevaa bado sare ya kazi.

"Nimempa bosi jibu," Balthazar alisema. "Nimemwambia asivilete."

Ndeshi akakaa kwenye kochi. "Asivilete?"

"Havitauzika, Ndeshi. Sio kwamba Mmarekani hapendi kitu kidogo. Anakipenda akikiona. Ila hapa mtu hanunui gari la maisha aliyonayo. Ananunua la maisha anayodhani yatakuja: mbao atakazobeba, mbwa atakayemfuga, mafuriko atakayovuka. Na barabara zenyewe unazijua. Kule Ulaya mtaa ni mwembamba, gari likapungua lipite. Huku nani amebanwa?"

"Kwa hiyo tawi halipo."

"Halipo."

"Sawa."

"Sawa tu?"

"Sawa, Balta. Niko na nguo za kufua."

Jumatano haikuwa siku yake ya kufua. Alikaa na simu mkononi, akasubiri apige tena. Hakupiga. Alhamisi hakupiga. Jumamosi hakuja, wala hakusema kwa nini. Wiki iliyofuata ukaja ujumbe mmoja tu: *Uwe na subira kidogo. Jitunze.* Ndeshi aliusoma kama mgonjwa anavyosoma majibu mabaya, akitafuta mahali penye nafuu. Mtu aliyepewa nafasi ya kuja kuishi karibu nawe, akasema hapana, kisha akakuomba subira, amekwambia nini zaidi?

Alimpigia mama mdogo.

"Ameniacha," alisema.

"Amekwambia hivyo?"

"Hajasema kitu."

Clara akakohoa kikohozi kisicho na mafua. "Mwanangu, mambo mengine yana wakubwa wake. Wewe tulia."

"Nitulie mpaka lini?"

"Ndeshi, nina sufuria jikoni." Simu ikakatika. Mama mdogo, ambaye kwa kawaida simu yake hukatwa na betri peke yake.

Jumamosi ile Ndeshi hakunywa chai. Alivaa gauni la njano lenye mikono mifupi, akasuka upya nywele za mbele zilizofumuka, akaingia barabarani. Hakukuwa na sauti ya kumuuliza yuko nyuma ya lori lipi. Njia nzima alipanga maneno. Angemwambia: ulikuwa na haki ya kukataa, ila ungeniambia. Angesema hivyo tu, angegeuza gari. Alipofika Stafford maneno yote yalikuwa yamebaki njiani.

Yadi ilikuwa na bendera ndogo ndogo zikipigwa na upepo wa joto, na safu ndefu za pikapu zinazong'aa. Balthazar alikuwa anamwonyesha mume na mke buti ya gari kubwa. Alipomwona, alifunga buti ile polepole, akawaomba wateja samahani, akamjia mbio. Halafu, hatua chache kabla ya kumfikia, akasimama kana kwamba kuna uzio.

"Hukupaswa kuja," alisema.

"Nimeona."

"Hapana, sikiliza. Sikupaswa kukuona wala kukupigia. Shangazi alinikataza." Akafuta jasho. "Amekwenda kwa mama yako mdogo kunipelekea posa. Mara mbili sasa. Alipeleka na maji ya matunda badala ya pombe ya desturi yetu, maana mama Clara hanywi. Shangazi anasema wakubwa wakishaanza kuzungumza, kijana anayempigia simu binti anaonekana hana adabu, anawaharakisha. Nilidhani mama yako mdogo amekwambia."

Ndeshi alikumbuka kile kikohozi. Akashika paa la gari; lilikuwa la moto, hakuondoa mkono.

"Kwetu binti haambiwi mpaka wakubwa waelewane," alisema. "Mama mdogo amefuata hilo."

"Kwa hiyo kila mtu amekuwa na adabu," Balthazar akasema, "na wewe umelia."

"Sikulia sana."

Walitazamana. Mmoja wao alitaka kucheka, na haikujulikana nani.

"Na tawi?" Ndeshi akauliza. Sauti ilikuwa ndogo, lakini ilitoka. "Ungeweza kumwambia bosi vitauzika. Ungekuja Dallas."

"Ningekuja. Na baada ya mwaka pangefungwa, nawe ungekuwa na mume aliyepata kazi kwa uongo kisha akaipoteza. Nilikaa na jambo hilo wiki nzima, Ndeshi. Nilikuwa nataka sana kuja, hata nikaogopa kwamba hamu hiyo ndiyo inayonifanya nione wateja wasiokuwepo." Akatazama buti zake. "Nilipomaliza kumwambia bosi, nikampigia shangazi nikamwambia aende kwa wakubwa wako. Nilimwagiza awaulize wao tutaishi mji gani. Mimi sikujua nitakuulizaje. Una kazi yako huko. Una mama yako mdogo."

"Wakasema nini?"

"Bado wanajadiliana. Shangazi anataka Dallas. Mama yako mdogo anasema mke humfuata mume, lakini anasema hivyo huku analia."

Kule nyuma mume na mke walikuwa wamefungua tena ile buti na kuketi humo, wakingoja. Ndeshi alijua kwamba akinyamaza sasa, mambo yataenda yenyewe. Wakubwa wawili watakubaliana mezani, siku itapangwa, ataambiwa, ataitikia. Yangekuwa maisha mazuri. Lakini maisha yake yote watu walikuwa wamekisia anachotaka, wengine wakapatia na wengine wakakosea, naye akashukuru wote sawasawa.

"Balthazar," alisema.

"Naam."

"Waache wazungumze, ni haki yao, na nitapiga magoti siku watakaponiita. Ila usisubiri wakwambie mimi nataka nini." Akaondoa mkono kwenye paa la moto, akamsogelea. "Hospitali ziko na huku. Watu wana damu na huku. Mama mdogo nitamtembelea. Sikulihitaji lile tawi, nilikuhitaji wewe, nikaona haya kusema, nikakuacha ukae na mzigo huo wiki nzima peke yako. Nakupenda. Nataka unioe, tuishi hapa, na nisirudi tena Euless jioni nikikuwaza."