B Iliyokatwa Mstari

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, na kibaya zaidi, ujinga wangu ulikuwa na mwandiko mzuri.

Kila nikitoka shule nilipitia karakana ya mjomba, fundi wa fidla, nikamsaidia kunakili nota. Babu alikuwa ametunga wimbo, lakini vidole vyake vilianza kukakamaa. Mjomba akauandika ili binamu yangu Kidoti aupige kwenye sherehe ya shule.

Alama nilizijua. Ile inayofanana na b hushusha sauti nusu hatua. Ile inayofanana na kingazi huipandisha. Lakini kwenye karatasi ya mjomba, b kadhaa zilikatwa kwa mstari. Nikacheka peke yangu: kumbe na wakubwa hukosea wakafuta! Nikaziruka zote, nikanakili safi, na ile karatasi yake nikawashia jiko.

Jumamosi Kidoti akapiga. Babu akakunja uso.

"Unapandisha mno, mama. Shusha kidogo."

"Babu, napiga kilichoandikwa."

"Basi masikio yako ya mbao," mjomba akafoka, mikono imejaa gundi. Akaniuliza bila kugeuka, "Wewe, ulinakili kama ilivyo?"

"Nukta kwa nukta, mjomba."

Kidoti akarudia mara tano. Mara ya sita machozi yakadondokea fidla, na mjomba akasema nafasi yake atapewa mwingine.

Nikamsogelea mjomba. "Mjomba, zile b ulizozifuta... sikuziandika."

"Nilizifuta lini? B yenye mstari hushusha robo hatua tu. Karatasi yangu iko wapi?"

"Jikoni. Imekuwa majivu."

Babu hakunigombeza. Alichukua fidla akaupiga wimbo upya, polepole, akiuma meno kwa maumivu, nami nikirudisha kila b na mstari wake. Mpaka leo natamani angenigombeza.

Kidoti akaupiga tena, safari hii barabara. Mjomba akamwomba radhi, akamrudishia nafasi yake, kisha akanigeukia.

"Usichokielewa, uliza. Na ukikosea, sema mapema, mwenzio asibebe mzigo wako."

Mdomo wangu haukubali kushindwa. "Lakini mjomba, ilikuwa robo tu."

Kidoti alikuwa akifuta nyuzi za fidla. "Robo, ndiyo," alisema. "Lakini lawama nilipewa nzima."