Sahani ya Mgeni

Devota Mgaya alifikishwa hospitali akiwa hai. Alikata roho kabla mvua haijakatika.

Mkaguzi wa Polisi Ikupa Mwaisaka alimkuta amefunikwa shuka hadi kidevuni, povu limeanza kumkaukia pembeni mwa mdomo. Alikuwa bado amevaa gauni jeupe la kanisani. Kwenye kola palikuwa na tone la mchuzi mwekundu.

"Miaka thelathini na mbili," daktari wa zamu alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepigwa. "Mume alitwambia ana pumu tangu utotoni, tukaanza na dawa za pumu. Nilipomfumbua macho nikaona mboni zimebana kama tundu la sindano, nikajua hii si pumu. Ni sumu. Tulimpa dawa ya kuipunguza sumu, afande, lakini tulikuwa tumeshachelewa."

"Sumu ipi?"

"Dalili ni za sumu ya wadudu, ile ya mashambani. Maabara itathibitisha."

Mume alikuwa kwenye benchi la ukumbini, amekumbatia kiatu kimoja cha mkewe. Liberatus Mgaya alikuwa mtu mkubwa, mwenye mabega ya mbeba magunia. Alitetemeka kama mtoto aliyenyeshewa.

"Pole sana, kaka," Ikupa alisema. "Mlikula wapi?"

"Nyumba ya Tambi, pale Uhindini. Tulitoka misa tukapitia. Devota alipapenda sana."

"Mlikuwa wangapi?"

"Watatu. Mimi, yeye, na rafiki yangu Sedekia kutoka Iringa."

"Marehemu alikula nini?"

"Tambi za uyoga." Alijifuta pua kwa mkono wa koti. "Nilimwambia, mama, uyoga wa porini si wa kuamini. Hakusikia. Wameniulia mke wangu, afande!"

"Unafanya kazi gani?"

"Nina duka Uyole. Vitu vya wakulima."

Ikupa aliandika, kisha akatazama tena mlango wa chumba alimolazwa marehemu. Mwenyewe alikuwa amewahi kula tambi za uyoga pale Uhindini, tena zaidi ya mara moja. Mchuzi wake ni wa krimu. Ni mweupe.

*

Habari zilimtangulia. Alipofika Nyumba ya Tambi, watu walikuwa wamejaa barabarani na kioo cha mbele kilikuwa kimevunjwa kwa jiwe. "Wauaji!" mtu alipiga kelele. Koplo Lutengano alisimama mlangoni, mikono ameitanua.

Ndani, meza zilikuwa kama zilivyoachwa: vitambaa vya mirabaraba, glasi za soda, piza zilizoliwa nusu. Kila Jumapili familia za Mbeya zilifurika pale, watoto wakicheka namna baba zao wanavyohangaika kuzungusha tambi kwenye uma. Leo viti vingine vilikuwa chini, miguu juu.

Mwenye mkahawa, Bi Shamsha Premji, alikuwa amekaa kando ya oveni ya kuni. Moto ulikuwa unazimika na hakuna aliyeujali.

"Alikuwa hapa," alisema kabla hajaulizwa. "Hapa nilipokaa. Alikuja kuniuliza unga nauumuaje. Tulikuwa tunacheka! Akarudi mezani kula, na baada ya muda nikasikia kiti kimeanguka."

"Uyoga unautoa wapi?"

"Igowole. Mama mmoja anaulima bandani, ananiletea kila wiki. Si wa porini. Leo nimeuza sahani nyingi za uyoga, dada. Hata mimi nimekula!"

"Na mchuzi wa nyama?"

"Sufuria moja, watu wote wamekula humo."

"Nani aliagiza chakula cha meza ile?"

Mhudumu alisogea mbele. Alikuwa msichana mwembamba aitwaye Alinanuswe, macho mekundu kwa kulia. "Baba mwenyewe. Aliagiza kabla mgeni hajafika. Piza yake, uyoga wa mama, nyama ya mgeni."

"Chakula kilipofika mezani alikuwapo nani?"

"Baba peke yake. Mama alikuwa huku kwenye oveni. Mgeni alikuwa ameingia, akaenda kunawa."

Ikupa aliisogelea meza. Mbele ya kiti kilichoanguka kulikuwa na tambi za nyama, zimeliwa karibu zote. Upande wa pili, sahani ya uyoga ilikuwa imelambwa ikabaki tupu.

"Hii ya nyama ndiyo sahani ya mama?"

Msichana alishangaa. "Hapana! Nyama niliiweka pale kwa mgeni."

"Piga picha," Ikupa alimwambia Lutengano. "Kila sahani ichukuliwe peke yake. Na sufuria za jikoni."

Bi Shamsha alimshika mkono. "Mtanifungia?"

"Nitafunga mlango kwa usalama wako. Zaidi ya hapo sijui."

"Baba yangu aliuza vitambaa kwenye chumba hiki hiki. Watu wa mji huu wananijua tangu nasoma. Leo wameniita muuaji." Hakulia. Alikuwa anatazama kioo kilichovunjika kama mtu anayetazama nyumba ya mtu mwingine.

Mgeni, yule Sedekia, hakuwapo. Wauguzi walisema alisimama hospitalini mpaka alipoambiwa Devota amekufa, akageuka, akaenda zake stendi bila kumuaga mtu.

*

Uchunguzi wa maiti ulifanyika asubuhi. Tumboni mwa Devota mlikuwa na nyama na nyanya. Uyoga haukuwamo hata kipande. Jioni maabara nayo ikathibitisha: sumu ya wadudu ilikuwa ndani ya ile sahani ya nyama tu. Sufuria za jikoni zilikuwa safi.

"Basi mume amekosea tu," Lutengano alisema. "Mtu amechanganyikiwa."

"Amekaa naye meza moja mpaka ameanguka. Hajui alichokula?"

"Labda. Lakini nyama ilikuwa ya mgeni, afande."

"Ndiyo," Ikupa alisema taratibu. "Sumu ilikuwa ya mgeni."

Waliangaliana. Lutengano alivua kofia yake.

"Nenda Uyole," Ikupa alimwagiza. "Nataka kujua duka lile linauza nini. Mimi nitakwenda Iringa kesho asubuhi. Mwili umeshaondoka, wanazika kesho hiyo."

*

Kesho yake, alikuwa amepita Makambako wakati Lutengano alipopiga simu.

"Afande, ni duka la pembejeo. Mbegu, mbolea, dawa za wadudu. Ile sumu imejaa rafu nzima."

"Wauza sumu hiyo ni wengi."

"Sikiliza kwanza. Ukutani kuna bango kubwa la dalili za mtu aliyekula sumu. Mate, povu, mboni kubana, kupumua kwa shida. Wakulima wa viazi hapa wananiambia Liberatus mwenyewe ndiye anayewafundisha. Anawaambia ukiona hivi, kimbiza mtu hospitali, na kitu cha kwanza mwambie daktari ni sumu. Afande? Upo?"

Ikupa alikuwa amesimamisha gari pembeni ya barabara. Malori yalipita yakilitikisa. Liberatus alikuwa amemwambia daktari ni pumu.

"Nipo," alisema.

*

Nyumba ya mama yake Devota ilikuwa Kihesa, mjini Iringa. Waombolezaji walijaa uani. Walikuwa wametoka makaburini muda si mrefu, udongo mwekundu bado kwenye viatu vyao. Liberatus alikaa na wanaume chini ya turubai, kichwa ameinamisha.

"Kamwene, mama," Ikupa alisalimu, akapiga goti kwenye mkeka.

"Kamwene, mwanangu."

"Pole kwa msiba. Samahani kukuuliza siku kama hii. Pumu ilimwanza Devota lini?"

Mama aliinua uso. "Pumu?"

"Ndiyo."

"Devota? Huyo alikuwa anakimbia mbio za shule mpaka mkoani. Pumu hana, na ukoo wetu hauna. Nani kasema?"

Mama aliendelea kumwangalia Ikupa, kisha macho yake yakahama polepole, yakaenda mpaka chini ya turubai.

"Nilikuwa nao wawili tu," alisema. "Sifaeli aligongwa na gari barabara ya Idodi, akiwa na baiskeli yake. Waliomgonga hawakujulikana. Sasa na huyu."

Sedekia alikuwa nyuma ya nyumba, amejikunyata juu ya kuni. Alikuwa mwembamba, amevaa tai ya kanisani iliyolegea. Alipomwona Ikupa hakushangaa.

"Ile nyama ilikuwa yangu," alisema.

"Ilifikaje kwa Devota?"

"Nimefunga, afande. Wiki hii nzima sili nyama, ni maombi. Nilipokaa nikaona ni nyama, nikasema basi nitakunywa soda. Devota akasema haiwezekani, shemeji, utoke Iringa ukae na njaa? Akavuta sahani yangu, akanisukumia yake ya uyoga."

"Liberatus alikuwa anaona?"

"Alikuwa mbele yetu."

"Alisema nini?"

"Hakusema kitu."

"Kwa nini atake kukuua?"

Mtu yule alianza kulia bila sauti. "Nilimpigia simu. Nilimwambia nimeokoka, siwezi tena kubeba jambo hili. Nakuja Jumapili. Umwambie Devota mwenyewe, au nitamwambia mimi mbele yako. Akasema sawa, tuonane Nyumba ya Tambi, tukishakula tutamwambia."

"Mumwambie nini?"

"Habari za Sifaeli."

*

Ikupa na askari wa Iringa walimchukua Liberatus kimya kimya, kupitia nyuma ya nyumba. Katika chumba cha mahojiano cha kituo, Ikupa alimpa onyo kwamba lolote atakalosema laweza kutumika mahakamani. Aliitikia kwa kichwa.

"Mke wako alikula nini?"

"Uyoga. Nimeshasema."

"Tumeona tumbo lake, Liberatus. Alikula nyama. Ulimwambia daktari ana pumu. Mama yake anasema hajawahi kuugua pumu. Unawafundisha wakulima dalili za sumu. Uliziona kwa mkeo?"

"Niliziona," alisema kwa sauti ndogo sana.

"Sedekia amenieleza habari za Idodi."

Liberatus alifunika uso kwa viganja vyake vikubwa. Alipoviondoa, alikuwa amezeeka.

"Mimi na Sedekia tulikuwa tunatoka kupeleka mbegu," alisema. "Mimi ndiye niliyekuwa naendesha. Kulikuwa na vumbi, sikumwona. Alikuwa hai, afande. Tulimpakia, tukaanza kwenda Iringa. Njiani akafumbua macho akanitazama usoni. Nikaogopa. Nikafikiria jela. Nikamshusha kando ya barabara, nikasema watu wengine watampitia. Hawakumpitia mapema."

"Ukaenda msibani."

"Nilikwenda kusikiliza kama kuna mtu anajua. Nikamkuta Devota. Alinipa maji ya kunawa. Nilimpenda palepale. Mungu ananiona. Kila siku ya ndoa yetu nilikuwa namlipa yule kijana kwa kumtunza dada yake. Halafu Sedekia anaokoka! Anataka raha ya moyo wake, mimi nibaki na nini? Devota angeniacha siku ileile."

"Ukatia sumu kwenye sahani ya rafiki yako."

"Nilijua angezidiwa kabla hajasema neno. Watu wangesema ni chakula alichokula safarini akija."

"Devota akaichukua."

"Ndiyo."

"Ukiwa unamtazama."

"Nilitaka kupiga sahani ianguke. Mkono ulikataa. Nikasema labda ataonja tu, ataacha. Alikuwa anakula anacheka, tambi zinamtoka kwenye uma. Akanilisha na mimi, akaniletea uma mdomoni. Nikageuza uso. Nikamwambia nimeshiba."

Kalamu ya askari aliyekuwa akiandika maelezo ilisimama.

"Na hospitali?" Ikupa aliuliza. Alisikia sauti yake inapanda, akaiacha ipande. "Dawa ilikuwepo! Neno moja tu!"

"Ningesema sumu, wangeniuliza nimejuaje."

Askari aliinuka akafungua dirisha, ingawa nje kulikuwa na baridi.

*

Lutengano alipiga simu jioni ile. Bi Shamsha alikuwa ametangazwa hana hatia, na baadhi ya waliomrushia mawe walikuwa wamekuja kufagia vioo. Alikuwa amewapokea, lakini oveni hajaiwasha. Hakujua kama ataiwasha tena.

Ikupa alirudi Kihesa. Alitaka mama asikie kutoka kwake, si kwa majirani. Alimweleza yote wakiwa chumbani, mlango umefungwa: barabara ya Idodi, kijana aliyeshushwa akiwa hai, sahani, pumu ya uongo. Hakuacha kitu.

Mama alisikiliza bila kupepesa macho. Liberatus alikuwa amekula mezani kwake kila Krismasi. Alikuwa amemjengea kaburi la saruji Sifaeli kwa mikono yake.

"Devota aliyajua haya?" aliuliza mwishowe. "Habari za kaka yake. Walimwambia?"

"Hapana, mama. Walikuwa wamwambie wakishamaliza kula."

Mama alisimama, akajifunga kanga kifuani, akatafuta kandambili zake chini ya kitanda.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Lazima aambiwe na mtu wake," alisema. "Nitamwambia mimi."

Akapita katikati ya waombolezaji, akashika njia ya makaburini. Walimpisha, na hakuna aliyethubutu kumzuia.