Kabureta ya Nne

Jioni za Novemba pale Riverside, Buffalo, hazina adabu. Saa kumi na moja tu, kiza kimeshaingia bila hata hodi, na upepo wa mto Niagara unakutafuta shingoni. Jioni ya namna hiyo Dionizi alitoka kazini, akapita dukani kununua vitu viwili: maziwa ya mama yake, na dawa ya kusafishia kabureta za pikipiki. Muuzaji akamwuliza kama anataka na kopo la hewa, ile ya kupulizia matundu madogo.

"Hewa?" Dionizi akauliza. "Hewa ya kununua?"

Akacheka mpaka akakohoa. Jamani, kununua hewa! Kule kambini Tanzania, tulikokuwa wakimbizi, hewa ndiyo kitu pekee tulichopewa bila kadi ya mgawo. Fundi wa kambini anapuliza kwa mdomo, kazi imekwisha. Akalirudisha lile kopo rafuni, akaenda zake nyumbani.

Nikifika hapa hasira hunipanda, maana mtu huyu alikuwa ameshaonywa. Lakini ngojeni niwaeleze tangu mwanzo, kama alivyonieleza yeye mwenyewe, mimi rafiki yake wa tangu kambini, vipande vipande, akipumzika kila baada ya maneno matatu.

Dionizi alikuwa na kaka, Revokatus, aliyekaa Louisville na mkewe Fides. Revokatus alikuwa fundi wa kuzaliwa. Kambini alitengeneza baiskeli za watu, na Marekani akajipatia pikipiki kuukuu ya silinda nne, ya miaka ya themanini, yenye kabureta nne zilizojipanga mstari mmoja. Kabureta ndiyo pua ya injini. Hapo ndipo hewa inapochanganyika na petroli, na zikiziba, injini haivuti pumzi. Revokatus alizifungua zote, akawa anazisafisha gereji kila akitoka kazini. Mwezi wa tisa Fides akaenda kumwita ale, akamkuta amekaa kwenye kigoda, kabureta mapajani, kimpira chembamba cha kupulizia, kama mrija, mdomoni. Alikuwa amekufa. Mashavu yake yalikuwa yamebonyea ndani. Madaktari walisema moyo.

Sasa, ukoo wao una desturi waliyotoka nayo Burundi. Pombe ya mtama inanywewa kwenye chungu kimoja, kila mtu na mrija wake. Mtu akifa, mrija wake hakuna anayeutia mdomoni. Siku ya kuanua matanga, mkubwa wa ukoo anauvunja mbele ya chungu na kumwambia marehemu: umekunywa, umetosheka, nenda. Usipovunjwa, marehemu anaendelea kunywa pamoja na walio hai.

Maziko yalikuwa Jumamosi. Jumatatu kila mtu alitakiwa kazini, ghalani kwake, anayepakia anapakia, anayebandika lebo anabandika. Mkubwa wa ukoo ni mzee Leopoldi, baba yao mkubwa, anayekaa Clintonville, Columbus. Akasimama kwenye ukumbi wa kanisa akasema matanga yaanuliwe jioni ile ile, kwa soda. Chungu na mrija vingesubiri Pasaka, watu wakipata likizo.

"Roho haina haraka," alisema.

Roho haina haraka! Mzee mzima, mvi kichwa kizima! Na sisi wengine tukaitikia, tukanywa soda zetu, tukakimbilia magari.

Mrija wa Revokatus aliuchukua mama yao, Theodosia, akaufunga kwenye kitenge. Pikipiki aliichukua Dionizi kwa lori la kukodi. Akamshusha Leopoldi Columbus, akaendelea nayo mpaka Buffalo. Si kwamba aliitamani. Aliichukua kwa ajili ya mama.

Mama Theodosia alikuwa akikaa naye. Mapafu yake yaliharibiwa na moshi wa kuni mbichi, miaka ishirini na zaidi ya kupika chini ya turubai, na sasa alilala na mashine ya oksijeni kando ya kitanda. Tangu mazishi alikataa kula. Anaonja uji vijiko viwili, anasukuma bakuli. Revokatus alikuwa amemwahidi kwamba pikipiki ikipona atakuja nayo mpaka Buffalo, na mama ataisikia kabla hajamwona. Basi mama alikaa dirishani akisikiliza barabara.

"Nikiisikia ikinguruma," alisema, "nitajua amefika. Nitakula."

Daktari alisema asipokula haioni Krismasi. Dionizi hana mke wala mtoto. Duniani alikuwa na huyo mama tu, na alimpenda kwa woga, jinsi mtu anavyopenda kitu cha mwisho kilichobaki. Ungekuwa wewe, usingeitengeneza?

Hata Fides hakumkataza. Alimpigia simu akanong'ona, kana kwamba kuna mtu chumbani kwake.

"Shemeji, itengeneze. Ila kile kimpira kichome moto. Usiweke mdomo alipoweka yeye. Mrija haujavunjwa."

"Sawa, shemeji."

Sawa ya mdomoni! Sikio la kufa halisikii dawa.

Basi jioni ile akampa mama maziwa, akamfunika miguu, akashuka gereji iliyo chini ya nyumba. Taa moja. Hita ndogo sakafuni. Pikipiki imesimama ikiwa na matundu manne wazi, na kabureta zimelazwa juu ya gazeti. Akazipulizia dawa, akasugua, akafuta. Zikabaki zile njia nyembamba za ndani, ambazo bila kupuliza hazizibuki. Alijaribu mpira aliokata mwenyewe, ukawa mnene. Akapekua sanduku la vifaa vya kaka yake. Kimpira kilikuwa pale juu kabisa, chembamba, cheusi, kina alama za meno.

Akakitazama. Akakifuta kwa shati.

Kabureta ya kwanza akapuliza, hewa ikatoka upande wa pili vizuri. Ya pili, vizuri.

Ya tatu ilitoa harufu.

Ilikuwa harufu ya mtama uliochacha. Buffalo, Novemba, kwenye gereji yenye petroli na chumvi ya barabarani... mtama! Dionizi akanusa vidole vyake. Dawa tupu. Akajiambia ni uchovu, zamu ilikuwa ndefu, na mama yuko juu anasubiri. Akachukua ya nne.

Akapuliza. Hewa haikutoka upande wa pili. Akavuta pumzi kubwa, akapuliza kwa nguvu zote.

Ikapokelewa.

Halafu... ikavutwa.

Alitaka kuondoa mdomo, midomo ikagoma. Kitu kilikuwa upande wa pili kikinyonya polepole, bila kuacha, kama mtu aliyetoka safari ndefu akakuta chungu kimejaa. Fyooo... Kinatulia. Fyooo... Akaketi kwenye saruji. Alijaribu kuita, lakini kuita kunataka pumzi, na pumzi yote ilikuwa inakwenda kule. Zile kabureta tatu nyingine zikaanza kupiga mluzi mwembamba, zote kwa pamoja, na ndani ya mluzi mlikuwa na sauti anayoijua tangu utotoni.

"Dioni... kidogo tu..."

Macho yakaanza kuingia giza. Akasikia ngazi zikilia. Hatua moja. Kituo. Hatua nyingine.

Mama Theodosia, ambaye kwa wiki tatu hakuweza kufika hata jikoni, alishuka peku. Mrija wa oksijeni alikuwa ameuvua puani. Akasimama juu ya mwanawe, akasikiliza.

"Ni Revo," alisema kwa sauti ya chini.

Dionizi akatikisa kichwa kukubali.

Mama akapiga magoti kwenye ile saruji ya baridi. Hakuvuta kimpira. Aliingiza kidole chake kidogo pembeni mwa mdomo wa Dionizi, taratibu, vile wanawake wanavyomwachisha titi mtoto aliyeng'ang'ania. Pwa! Kikaachia. Dionizi akaanguka ubavu, hewa ikamwingia kifuani kama visu.

"Mrija, mama," akasema alipoweza. "Tuuvunje..."

"Mimi niliolewa tu kwenye ukoo huu, mwanangu. Nikiuvunja mimi, ni tete tu limevunjika, roho haiendi. Mpigie baba yako mkubwa."

Dionizi akatambaa mpaka kwenye simu. Columbus ikaita. Ikaita. Ikaita... Leopoldi alikuwa zamu ya jioni, na ghalani kwake simu zinafungiwa kabatini mpaka mtu atoke. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena. Nyuma yake fyooo ile ilikuwa imeanza upya, na safari hii ilikuwa inalia. Ilikuwa inatafuta.

"Ana kiu," mama alisema. Alikuwa ameshakishika kimpira.

"Mama, acha! Mama, nakuomba!"

"Nyamaza. Wewe una mapafu ya kuishi. Huyu nilimnyonyesha miaka miwili, kiu yake naijua."

Akavuta pumzi. Dionizi anasema hajawahi kumwona mama yake akivuta pumzi nzima namna ile, tangu azaliwe. Kisha akaweka midomo, akafumba macho. Kifua chake kikashuka. Kikashuka tena. Dionizi alimrukia, akamshika mabega, akaingiza kidole pembeni mwa mdomo kama alivyofanyiwa. Lakini mama alikaza meno. Alikuwa akitoa kwa hiari yake.

Kifua kikashuka mara ya tatu. Hakikupanda.

Ndani ya kabureta ya nne kitu kikabeua, kama mtoto mchanga aliyeshiba. Mluzi ukakoma. Hita ikaendelea kuwaka.

Watu wa gari la wagonjwa waliangalia miguu peku, wakaangalia mashine ya oksijeni iliyoachwa juu ikivuma peke yake, wakauliza kama injini ilikuwa imewashwa. Akawaambia haikuwa na petroli hata tone. Wakaandika mapafu. Tulimzika Jumamosi. Leopoldi alikuja, akalia kweli, akajipiga kifua kaburini. Ile simu isiyopokelewa aliiona zamu ilipokwisha. Jioni akasema basi, Pasaka tutavunja mirija yote miwili kwa pamoja. Dionizi akaenda kufungua kile kitenge. Ndani mama alikuwa ameufunga na mrija wake mwenyewe kando ya ule wa mwanawe, sijui tangu lini.

Jumatatu akarudi kazini. Jumanne akairudia kazi ya kaka yake, maana mama alikuwa ameitaka na hakuona sababu nyingine ya kushuka gereji. Mipira ya kuunganishia kabureta ilikuwa imekakamaa kwa uzee. Akailainisha kwa draya ya nywele, akazisukuma kabureta zote nne mpaka zikaingia, akakaza. Akatia petroli, akabonyeza stata.

Ikawaka mara moja. Ikanguruma vizuri, sauti nzito, tulivu, mpaka madirisha ya juu yakatetemeka, hata lile dirisha ambapo hakuna tena anayekaa. Dionizi akalia kama mtoto. Halafu akaizima.

Injini ikanyamaza. Kabureta ya nne ikakohoa.

Mara mbili, kikavu, kisha "aa" ndogo ya kuchoka. Kikohozi hicho alikisikia kupitia ukutani usiku na mchana maisha yake yote. Kule kambini kupitia turubai, hapa kupitia mbao. Hakuna mwingine anayekohoa hivyo.

"Mama?"

Fyooo... Dhaifu sana. Si kama ya Revokatus. Ya mtu anayeona aibu kuomba.

Najua mnachotaka kusema. Nilimwambia hata mimi: ichome, itupe mtoni, imalize! Akaniuliza swali moja. Nani anamnyima mama yake pumzi, tena pumzi aliyopewa na yeye? Pembeni mwa kabureta kuna kitundu kidogo. Anachomeka kimpira hapo kila jioni akitoka kazini, anaweka midomo, anampa. Kidogo tu. Kikohozi kinatulia, naye anakaa pale chini mpaka miguu ipate nguvu.

Kutoka gereji hadi jikoni kuna ngazi nane. Novemba alikuwa akizipanda mbili mbili. Sasa ni mwezi wa pili, theluji imefika kwenye vishikio vya milango, na yeye anapumzika kwenye ngazi ya tatu. Mashine ya oksijeni ya mama haijachukuliwa na wenyewe. Nimemkuta mara mbili amekaa kando yake, ameiwasha.

Jana Leopoldi alipiga simu, nikiwa pale pale. Dionizi aliiweka simu kwenye spika ili asilazimike kuishika. Mzee alikuwa anaharakisha, yuko mlangoni anaingia zamu. Ghalani wametangaza kwamba Pasaka ni kazi, hakuna likizo. Vijana wa Louisville nao vivyo hivyo. Je, mambo ya mirija tuyasogeze mpaka Juni?

Dionizi akafungua mdomo. Niliona shingo yake ikijitahidi, niliona neno limefika mpaka kwenye meno. Alitaka kusema hapana, baba, njoo leo. Pumzi haikutosha. Nikainama niichukue simu niseme mimi.

"Haya," Leopoldi akasema, "Juni basi." Akakata, na simu yake ikaenda kufungiwa kabatini.